Cherehani Iliyopita Katesh

Gehandu, Hanang

Kaka Sylvester,

Shikamoo kaka. Natumaini wewe, wifi Judith na watoto mko salama huko Mwanza. Sisi tu wazima. Mguu wa baba umepungua kuuma, na mahindi yanaridhisha.

Cherehani imefika, asante sana. Ningekupigia simu, ila haya ninayokuandikia yananishinda kuyatamka.

Uliponiambia gari la mizigo limeshatoka Singida, nilishuka Katesh kulisubiri. Likapita mbele ya macho yangu, halikusimama. Nikambana Gerald, jirani yetu wa bodaboda anayetuletea mizigo kutoka kwa wakala. Akanieleza kwa upole kwamba mizigo yote huenda kwanza ghala kubwa la Arusha, huko inachambuliwa, ndipo ya kwetu inarudishwa Babati, kisha Katesh, naye anaipakia. Nikaona ananifanya mjinga. Mzigo unaopita mlangoni kwetu uende Arusha kufanya nini?

Wiki ikapita, ya pili ikaingia. Nikamwita mwizi sokoni, watu wanasikia, na wateja wakamkimbia. Hilo halikunitosha. Nilikwenda kwa wazee, mimi mwanakwaya, nikaomba Gerald alaaniwe, yeye na uzao wake. Wazee wakatamka.

Juzi Gerald kaileta mwenyewe, imefungwa vilevile, ina mihuri ya Arusha na Babati. Hakunitukana, na heri angenitukana. Alisema tu kwamba mkewe Natalia yu karibu kujifungua, na tangu asikie yale maneno hapati usingizi, kwa hiyo niende kwa wazee yaondolewe. Nilikosa pa kuuweka uso wangu.

Jana nimekwenda, wamekataa. Wanasema siwezi kuyaondoa mimi, kwa sababu si mimi niliyelaani. Kaka, nisamehe. Waliponiuliza nani analalamika, niliogopa kwamba mimi mwanamke watanizungusha, nikawaambia umenituma wewe. Laana imetamkwa kwa jina lako. Natalia anajua kwamba wewe, uliyecheza naye utotoni, ndiye uliyemlaani mtoto wake.

Njoo kaka. Usipige simu kwa wazee, hawatakubali. Njoo usimame mbele yao na mimi nikiwa pembeni yako, useme hukunituma, Natalia akisikia. Nitakayoambiwa baada ya hapo nitayabeba. Cherehani sijaifungua, naona aibu hata kuigusa.

Msalimie wifi, na sababu ya safari usimfiche. Baba anakusalimu, yeye bado hajui.

Ni mimi mdogo wako,
Scolastica