Shati Ndani ya Mfuko

Jumatatu, 4 Machi

Mawingu, upepo mdogo. Kichwa: kinauma tangu alfajiri.

Nesi ameagiza kila mtu wa kikundi chetu cha wakulima wa nyanya aandike: hali ya hewa, kichwa, saa aliyolala. Juzi alitupima damu wote, wanaopulizia dawa ya wadudu na wasiopulizia. Saa ya kulala nitaijaza kesho yake – aliyelala haandiki!

Leo ni siku ya arobaini na moja tangu Mwenyewe, mume wangu, aende kujiuguza kwa wifi yangu mjini. Nimehesabu mara mbili kwenye kalenda. Ni arobaini na moja.

Shemeji, mdogo wake, alikuja kuchukua bomba la kupulizia. Tangu kaka yake aanguke shambani, ufunguo wa stoo ninao mimi. Huna glavu na ovaroli, hupati bomba. Akavaa huku analalamika: eti shemeji, ukinivalisha hivi nyanya ndizo zitakimbia, wadudu watabaki. Nikamwambia kaka yako naye alikuwa anacheka hivyohivyo. Akafunga mpaka kifungo cha shingoni.

Jioni nimelitoa shati la Mwenyewe kwenye mfuko. Kidogo tu.

Nimelala saa saba usiku.

Jumatano, 6 Machi

Jua kali tangu saa mbili. Kichwa: kinauma. Mikono inatetemeka kidogo.

Nimewafundisha akina mama wa kikundi tena. Nguo za kupulizia zina beseni lake, lile la bluu. Hazilali ndani. Hazichanganywi na za watoto. Wamenisikiliza vizuri, mmoja akaniita mwalimu. Nikaona haya.

Maana shati ninalo. Ndilo alilovaa siku bomba lilipomvujia mgongoni. Zahanati walimvua, wakalifunga kwenye mfuko wa plastiki, wakaniambia nikalifue siku hiyohiyo. Sijalifua. Kila usiku nafungua mfuko, naliweka chini ya mto, wakati mwingine chini ya shavu. Lina jasho lake na lina dawa. Miaka kumi na miwili harufu hiyo ndiyo imeniambia amefika, kabla hata hajakohoa mlangoni. Wenzangu wanaziba pua. Mimi moyo unatulia.

Nimelala saa nane na nusu.

Ijumaa, 8 Machi

Manyunyu asubuhi. Kichwa: kinauma, na kichefuchefu.

Majibu ya damu yametoka. Ya shemeji ni mazuri. Yangu mabaya! Nesi akaniita pembeni. Dada, wewe unapulizia? Sijawahi kubeba bomba. Unachanganya dawa? Sichanganyi. Akaweka kalamu chini. Akasema basi kuna kitu kinakugusa kila siku, na usikiite dawa, kiite sumu. Nikaangalia sakafu. Shati sikulitaja.

Nje shemeji alikuwa anatamba: damu yangu safi kama ya bwana harusi, yako je? Nikamwambia bado haijasomwa.

Saa tisa Mwenyewe akapiga simu. Sauti yake ile ya chini! Kipimo chake cha damu kimepanda, maana yake anapona. Wifi amechoka kumlisha, anadai anakula kama watu watatu. Anarudi Jumapili. Nikawa nacheka na machozi yanatoka.

Halafu akauliza viwavi wamefika wapi. Akauliza shati lake la kazi lipo?

Nikamwambia daktari si alisema usishike tena bomba? Akasema, "Daktari halimi nyanya, mke wangu." Nikamwambia shati nimelifua.

Sijui nimelala saa ngapi. Jogoo alishawika.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua, imekata saa tatu. Kichwa: kinauma.

Nimelifua. Glavu, beseni la bluu, maji mara tatu. Ya kwanza yalitoka na rangi ya chai, nikayamwaga kwenye shimo nyuma ya stoo, mbali na kisima. Kabla ya maji ya pili nilisimama muda mrefu. Nilitaka kulinusa mara moja tu. Nikaona glavu, nikaacha.

Lilipokauka nikalinusa. Sabuni. Limekuwa shati la mtu yeyote. Mfuko nimeuchoma? Hapana – nimeufukia, kuchoma nako kuna moshi wake. Hata kulia nimelia na glavu mkononi, nimeshindwa kujifuta.

Jioni shemeji akaja. Kaka kampigia, anataka bomba liandaliwe mapema Jumatatu, basi nitoe ufunguo. Nikasema Mwenyewe atauomba mwenyewe. Akacheka: siku arobaini na kitu unamlilia mtu, halafu akifika unamnyima ufunguo? Atarudi kwa dada yake huyo!

Sikucheka. Ndicho ninachokiogopa.

Nataka aingie. Nataka buti zake zile mlangoni. Lakini nitamjua kwa kitu gani, akija hana harufu ile? Na akija nayo tena Jumatatu jioni, nitamkumbatia, najijua.

Jumapili, 10 Machi

Anga safi, hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Hali ya hewa nzuri kabisa ya kupulizia. Kichwa: kidogo.

Basi linaingia saa nne. Shati nimelikunja, lipo kitini. Ufunguo ulikuwa chini ya mto, pale pa shati, na bado upo.

Usiku wa kuamkia leo nimelala saa kumi kasoro robo.