Riziki Mbele ya Munyama wa Moto

Sherbrooke, Kanada, siku ya Mungu, kisha misa

Kwa Yaya Mwamini, dada yangu mukubwa, kule Kitshanga,

Yaya, weka chini kile unashika, kaa, uvutie Shemeji kiti karibu, na yule anayekusomea barua asikimbize macho. Habari iko mingi na yote inamuhusu binti yetu Riziki.

Mbele ya yote, goti yako iko namna gani? Dawa nilikutumia na Padri wa parokia, ulipaka ao uliigawia majirani sawa kawaida yako? Mvua inaingia tena mu nyumba? Nasikia wengine walirudi kwetu Kalembe kuangalia mashamba na wengine wamekimbia tena. Redio ya huku haisemaka jina ya Kalembe hata siku moja. Mimi njo nalisema peke yangu nikikunja mashuka kule kazini: Kalembe, Kalembe. Ule mubibi ninayefua naye ananiuliza kama ni jina ya bwana yangu.

Sisi tuko wazima, Mungu ni mwema. Baridi imeanza tena, ile ya kukata masikio. Mimi nafua nguo mu nyumba ya wazee, na bila kujisifu, wazee wenyewe wanasema shuka likipita ku mikono ya Mama Riziki linalala vizuri kuliko mutu. Riziki anasoma uuguzi, mwaka wa pili. Mwalimu wake alinishika mukono mbele ya watu wote, akasema, «Madame, huyu mutoto ulimutoa wapi?» Nikamujibu, «Nilimuzaa.»

Lakini si shule nataka kukuambia. Ni muchezo. Usicheke, Yaya, ngoja nikueleze.

Ni muchezo wa ku ordinatere, ile kompyuta. Watu kumi, kila mumoja nyumbani kwake, wanaingia fasi moja, wanasikilizana na mikro, na wanaenda pamoja kupigana na munyama mukubwa. Kila mumoja iko na kazi yake. Wengine wanapiga mishale, wengine wanaponyesha wale wameumia. Na kuko mumoja anayesimama mbele kabisa, ili munyama amuangalie yeye tu, amupige yeye tu, na wenzake wafanye kazi na amani. Ule wa mbele wanamuitaka tanki, sawa ile gari ya vita ya chuma. Miaka mbili Riziki alikuwa wa mishale, nyuma kule, kimya. Sasa tanki yao alioa, bibi yake akakataa muchezo, na kiongozi wao, kijana mumoja anaitwa Julien, akasema, «Riziki, wewe njo unajua fasi zote. Simama mbele.»

Mutoto akakataa. «Mimi? Sauti yangu ni ndogo, na Kifaransa changu watacheka.» Julien akasema munyama hasikii Kifaransa. Basi akakubali.

Siku ya Mungu ya kwanza nilikuwa namenya viazi pembeni yake, nikaona yote. Munyama mwenyewe iko na pembe sawa ngombe za Masisi, lakini ukubwa sawa kanisa, na anatapika moto. Kazi ya Riziki: akimbie mupaka ku ukuta wa mwisho, munyama amufuate, amuangalie, moto uishie ku ukuta. Wenzake wanabaki nyuma ya munyama, wanamupiga mugongo. Riziki akakimbia vizuri, akasimama vizuri. Lakini na ule mwili mukubwa mbele yake, hawaoni tena wenzake. Kisha kidogo akatoka ku ukuta, hatua mbili, tatu, akachungulia kama wote wako. Na munyama akageuka naye! Mudomo ukaenda kule kwa wenzake na moto wake. Wote tisa chini, mara moja.

Wakaanza tena. Akachungulia tena. Mara ine, Yaya! Kijana mumoja wa mishale akasema mu mikro, «Riziki, unatafuta nini huku kwetu? Uliangusha ufunguo?» Mwengine akasema, «Hapana, anatuletea moto sababu tulimuambia tunasikia baridi.» Wakacheka wote. Riziki naye akacheka, lakini mimi nilimuzaa, najua kicheko yake ya kweli. Mwishoni Julien akasema na upole, «Tutajaribu tena siku ya Mungu inayokuja. Ikikataa, nitaita tanki wa kundi ingine, na wewe utarudia mishale yako. Si mubaya.»

Riziki akatoa ile mitambo ya masikio, akaniangalia. «Mama, sipendi kuchungulia. Miguu inaenda yenyewe. Nisipowaona nafikiri wamekufa.»

Yaya, nikaacha kisu mu viazi. Sababu nilijua wapi alitoa ile kitu. Alitoa kwangu.

Unakumbuka njia yetu ya shamba, vita ilipokuwa imekaa kabisa? Ukungu asubuhi mpaka huoni jembe yako mwenyewe, wanawake kumi na mbili na vitunga, na harufu ya maharagwe yanapokauka. Ilikuwa njia nzuri ile, hata na vita ndani yake. Wakati mwengine mu ndoto naitembea yote, mpaka kule kwa jiwe kubwa ku mutoni, na naamuka na furaha. Na ile bariere, kizuizi ya wenye silaha ku kona. Wewe njo ulikuwa unatangulia. Ulikuwa unatoka pembeni ya njia, unaenda kusimama upande wao wa juu, wakugeukie wewe, watupe sisi mugongo. Na mudomo ule wako! «We mutoto, mama yako anajua unasimama mu mvua bila kofia? Na wewe murefu, hiyo bunduki inakubeba ao unaibeba?» Wanacheka, wanakutukana, wanakusukuma, na sisi tunapita nyuma yao na mabinti zetu. Hukutuangalia hata mara moja. Ulituambia, «Pale ninaweka macho, na wao wataweka.»

Na siku uliposhikwa na homa, mimi nikasema, «Nitatangulia mimi, nani ananishinda mudomo?» Nilijisifu mbele ya wote. Nikasimama upande wa juu, nikaanza kuongea, wakaanza kucheka. Vizuri kabisa. Kisha nikakumbuka Riziki, iko nyuma na miaka saba tu, sijui amepita ao hapana. Nikachungulia. Na wao wakachungulia. Unajua vile ilimalizika: tulikalishwa mu matope mpaka jua ikainama, kitunga kimoja walikinyanganya, na binti ya jirani yetu walimupiga mbele yetu. Riziki alikuwa amekaa ku magoti yangu. Aliona yote. Kwa hiyo aliona pia mama yake akichungulia, na alichukua ile, sawa mutoto anavyochukua namna ya mama yake ya kutembea.

Nilikuwa sijawahi kumuambia mutu ile kosa ilikuwa yangu. Nilisemaka ni bahati mubaya. Siku ile ya viazi nilimuambia Riziki. Akachukua kisu, akamaliza kiazi changu. Kisha akauliza, «Na Mama mukubwa alifanya namna gani asichungulie? Hakuwa na wasiwasi?»

Nikamuambia ile ulipanga ulipopona homa. Kila mwanamuke akishavuka mutoni, agonge jembe yake mara moja ku lile jiwe kubwa. Wewe uko juu unatukanana na watu, lakini sikio yako iko chini, inahesabu. Kumi na moja zikitimia, njo unaaga na kushuka. Macho kwa adui, sikio kwa watu wako.

Riziki akasimama. Akasema, «Wale hawana majembe, lakini wako na vikombe.»

Yaya, ile wiki mutoto alifanya kazi! Hakungoja siku ya Mungu. Kila siku akitoka shule anaingia mu safari ndogo za watu watano, na watu hata hawajui. Mara ya kwanza aliomba musamaha mbele hata hajakosa. Nikamuambia, «Unaomba musamaha ya nini, umemukanyaga nani?» Mumoja akamutukana na akatoka. Mwengine akamuambia, «Twende polepole, na mimi nilikuwa mupya.» Kesho yake akaanza kusema tu, «Mimi ni mupya ku kazi ya mbele, nikikosea muniambie.» Siku ya tatu hakusema tena kitu, alitangulia tu, nao wakafuata. Alienda pia peke yake mu chumba kitupu cha muchezo, kuzunguka ule ukuta, kujifunza na miguu fasi ya kusimama, sawa vile tulikuwa tunajifunza njia mbele ukungu haujashuka. Na mimi nilikaa pembeni na sufuria na kijiko, nagonga, ye anahesabu bila kuniangalia. Jirani wa chini akapanda kuuliza kama kuko harusi.

Siku ya Mungu ikafika. Kisha misa, mu muchana, wote kumi wakaingia. Riziki akasema na ile sauti yake ndogo, «Mbele hatujaanza, kila mutu alete kikombe na kijiko.»

Julien akasema, «Riziki, mu mikro itakuwa kelele.»

Akajibu, «Munataka nikae ku ukuta? Basi moto ukipita, mugonge kila mutu mara moja, mumoja kisha mwengine. Nikisikia tisa nakaa. Mukikataa, ita ule tanki mwengine leo, musingoje.»

Nilitaka kupiga kigelegele, nikajiziba mudomo na kitambaa. Kisha ule kijana wa ufunguo akasema, «Mimi kikombe changu ni cha plastiki, nichukue sufuria?» Riziki akasema, «Chukua.»

Mara ya kwanza wakaanguka, lakini si kosa yake, mumoja wa mishale alikanyaga fasi mubaya. Mara ya pili wakafika nusu. Mara ya tatu, Yaya, munyama akabaki na kiasi kidogo ya maisha. Riziki ku ukuta, pembe mu uso yake, haoni mutu. Moto ukapita. Ting, ting, ting, ile sufuria booo, ting, ting, ting, ting. Nane.

Nane tu.

Tukangoja ile ya tisa. Ya mwisho kila mara ilikuwa ya Manon, mama mumoja kijana, yeye njo wa kuponyesha wenzake, na bila yeye Riziki anakufa. Niliona mukono ya mutoto yangu unaanza kusonga. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeinuka, nachungulia ile kioo sawa nitamuona Manon ndani! Riziki hakutoka ku ukuta. Akasema, «Manon?» Polepole, sawa mutu anayeomba chumvi. «Manon, nakungoja.»

Na Manon akapiga kelele mu mikro, «Kijiko kilianguka chini ya kiti! Niko muzima, naponyesha, kaa pale pale!»

Akakaa. Munyama akalia, akainama, akaanguka. Na ule mwili ulipoanguka, hakukuwa tena kitu cha kumufichia, akawaona wote tisa wamesimama ku mulango kule. Vijana wale wakaanza kugonga vikombe bila mupango. Julien akasema, «Tanki wetu ni mumoja, sitaita mwengine.» Niliingia mbele ya ile mashini nikawaambia na Kifaransa changu cha sokoni, «Mimi njo mama yake!» Wakaitika wote, «Bonjour Mama!» Hata sasa wananisalimia kila siku ya Mungu.

Lakini sikiliza, Yaya, hii njo sababu nimechukua karatasi. Wakati tulikuwa tunangoja ile ya tisa sikuangalia kioo tu. Nilikuwa pembeni yake, nikaona uso wake. Sauti ilikuwa ya amani, lakini midomo ilitetemeka, jasho ilimutoka ku nywele, na machozi yalisimama mu macho bila kuanguka. Miaka yote ile mimi nilipita nyuma ya wale watu, kichwa chini, sikuona uso wako. Nilisikia tu matusi yako na kicheko yako, nikafikiri Mungu alikuumba bila woga, na nilikuwa nasema kwa watu, dada yangu haogopi kitu. Kumbe uliogopa. Kila asubuhi. Na hakuna hata mumoja wetu alikushukuru, sababu tulifikiri ni tabia yako.

Basi, aksanti, Yaya. Inachelewa lakini iko ya kweli.

Nisalimie Shemeji na umuambie aache kubeba magunia, mugongo si wa kijana. Nisalimie watoto wako, na yule mudogo anayekusomea, na mama wa kwaya aliyenifundisha kushona. Ule binti wa jirani, nasikia ameolewa kule Sake na iko na duka ndogo ya sabuni. Mukimuona muambieni Mama Riziki anaomba kumuandikia yeye pia, akikubali. Riziki anakuinamia na anasema akipata likizo na njia ikifunguka, wewe njo wa kwanza atakuja kuona.

Paka ile dawa ku goti yako mwenyewe.

Mudogo wako anayekupenda,
Feza, mama ya Riziki