Tembe Nilizokugawia

Mwaitu, mama yangu,

Juzi nilitoka kliniki ya wajawazito na bahasha ndogo ya kaki, na ndani yake tembe zile zile: nyekundu za madini ya chuma, na ndogo za manjano za asidi ya foliki. Ndiyo, nina mimba ya pili. Muuguzi aliniambia nimeze moja moja kila siku baada ya chakula, na nimemeza, kwa sababu mtoto hana kosa. Lakini baada ya kumeza nilitoa shajara zangu za miaka ile nikaanza kuzisoma upya kutoka mwanzo, nikitafuta jibu la swali ambalo sijapata mtu wa kumuuliza: je, miguu yako niliiharibu mimi?

Unajua nilivyo. Ulizoea kunicheka kwamba hata kuku akitaga lazima niandike, na kwamba siku nikifa watu watajua bei ya sabuni ya kila mwezi. Basi yote nimeandika, siku na mwezi, na bado sielewi.

Jambo la kwanza liko mwezi wa Machi, mwaka wa tisini na saba. Nilikuwa nimekuja Mwala kukuona, nikakukuta umekaa mlangoni unasuka kiondo. Nimeandika: "Mama amefumua kiondo mara mbili." Kwa kawaida wewe ulikuwa unasuka bila kuangalia, huku unasema na watu, huku unafukuza mbuzi. Siku hiyo ulikuwa unavitazama vidole vyako kama vya mtu mwingine. Ulisema uzi wa siku hizi ni mbaya. Nami nikaandika chini yake: "Uzi mbaya."

Mwezi uliofuata ulikataa pilipili kwa sababu ulimi unawaka. Niliutazama. Ulikuwa mwekundu na laini, hauna ule ukwaruzo wa ulimi wa mtu mzima. Kisha nimeandika kwamba ukipanda kutoka bwawa la mchanga, kule mtoni tunakochimba maji, na mtungi kichwani ulipumzika kwenye kila tuta la shamba, na kwamba kiganja chako kimekuwa cheupe. Kisha ganzi miguuni, na kudungwadungwa kama na sindano. Kufikia mavuno ulikuwa unatembea umepanua miguu, unakanyaga kwa nguvu, kama mtu anayepita kwenye mchanga wa mto, na jua likianza kuzama ulishika ukuta, kwa sababu bila kuiona ardhi hukujua iko wapi.

Hapo ndipo watu walipoanza. Yule jirani yetu anayepika kaluvu alikuona ukiyumba njiani asubuhi, akasema mbele ya wanawake wote waliokuwa wanateka maji, "Mama Mutheu, kama siku hizi unakunywa kwa mwingine, utuambie pombe yetu ina kasoro gani." Wote walicheka, na wewe pia ulicheka. Hukuwahi kuonja pombe maisha yako yote. Ulipofika nyumbani ulikaa jikoni ukatoka na macho mekundu, ukasema ni moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa. Hilo nalo nimeandika.

Mama mdogo Syombua alisema kuna mtu aliyekuloga, na akataja jina. Mume wangu alisema ni uzee. Ulikuwa na miaka hamsini na miwili.

Mimi nilikuwa na cheti changu cha kidato cha nne na daftari la biolojia. Nililifungua na kusoma ukurasa wa vitamini kama mtu anayesoma mashtaka. Vitamini A, macho. Ikikosekana mtu haoni gizani. Nikasema ndiyo maana anashika ukuta. Vitamini C, fizi na vidonda. Nikasema ndiyo maana ulimi unauma. Vitamini D, mifupa. Nikasema ndiyo maana ya mwendo. Vitamini B zilikuwa nyingi, zenye nambari, na mwalimu alikuwa ametuambia tujisomee wenyewe. Sikujisomea. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi nilikuletea karoti, machungwa na sukuma wiki kutoka soko la Machakos mjini, na wewe ulikula vyote kwa utii, kama mtoto. Hukubadilika. Niliongeza mchicha.

Kisha, katika mwaka wa saba wa ndoa yangu, nikashika mimba. Nilipokuambia hukupiga kelele. Uliketi chini palepale kwenye tuta, ukaniuliza ni ya miezi mingapi, ukahesabu kwa vidole, ukavikosea, ukahesabu tena.

Kliniki walinipa tembe. Nilitazama viganja vyako vyeupe nikaona dhambi kumeza zote peke yangu. Miezi ile nilikuwa nimekuja kukaa kwako Mwala, nikapanga: siku moja mimi, siku moja wewe. Nilichora mistari katika shajara, safu yangu na safu yako, nikaweka alama kila ulipomeza. Baada ya miezi miwili viganja vyako vilirudiwa na rangi. Nilishusha kope la chini la jicho lako nikaona wekundu. Tulikwenda zahanati, nao wakatazama kope hilo hilo wakasema damu iko sawa, uende nyumbani ukapumzike. Siku hiyo nimeandika kwa herufi kubwa: DAWA IMEFANYA KAZI.

Mwaitu, kurasa zinazofuata ndizo zinazonichanganya. Damu ilikuwa sawa, lakini wewe ulikuwa unazidi kupotea. Ulitia chumvi mara mbili katika chakula kimoja. Uliniita Syombua. Ulinikasirikia kwa sababu ya sufuria ambayo ulikuwa umeishika mkononi. Safu ya alama zako inaendelea chini ya ukurasa, nadhifu kabisa, na kando yake, siku hizo hizo, ninaandika unavyoanguka.

Nilirudi mjini kujifungua, na Kioko alipozaliwa ulitoka Mwala kwa mkokoteni wa punda hadi barabarani, kisha basi, uje unisaidie kumwogesha. Nilimweka mikononi mwako. Hukumtazama yeye, uliitazama mikono. Halafu ukanirudishia haraka. Nilijaribu mara ya pili baada ya siku mbili, na mara ya tatu siku ya Jumapili, na kila mara ulinirudishia. Nimeandika jambo ambalo ninaona haya kulisoma: "Mama hamtaki mtoto?" Niliweka alama ya kuuliza. Lakini moyoni niliweka nukta.

Ulikaa kwangu, ukawa unaanguka hata ndani ya nyumba, ndiyo sababu nikakupeleka kwa daktari mjini. Daktari huyo hakutazama kope. Alikugonga magoti, akakukuna nyayo, akakuambia usimame ufumbe macho, na ulipofumba ukamwangukia. Kisha akakuuliza unakula nini. Ulimwambia isyo, yaani mahindi na maharagwe, pamoja na mboga ninazokuletea. Nyama? Hapana. Maziwa? Hapana, chai ni turungi tu, bila maziwa. Mayai? Nauza. Akaweka kalamu chini.

"Tangu lini, mama?"

Uliniangalia mimi. "Tangu huyu amalize mwaka wa tatu kwa bwana yake bila mtoto."

Sikuwa najua. Kila Krismasi wewe ndiwe uliyepika, na mpishi hakuna anayemhesabia vipande vya nyama. Uliponiambia maziwa yanakujaza tumbo, niliamini. Kumbe ulikuwa umeweka nadhiri peke yako, bila kumwambia mchungaji wala Mama mdogo, kwamba hutaonja kitu chochote kilichotoka kwa mnyama mpaka umshike mtoto wangu.

"Lakini mtoto si amepatikana?" daktari akauliza, akimnyooshea kidole Kioko mgongoni mwangu.

"Wanasema amepatikana. Mimi nilimwahidi Mungu mpaka nimshike. Bado sijamshika."

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, "Mwaitu, umemshika mara tatu. Nimeandika."

"Nimewekewa," ukasema. "Hii mikono haijaniambia kitu."

Daktari akatueleza polepole. Iko vitamini inayoitwa B kumi na mbili, na haimo katika mboga hata ukila shamba zima. Imo katika nyama, maini, samaki, mayai na maziwa. Mwili unaitaka kidogo sana, na ini huweka akiba yake ya miaka, ndiyo maana mwanzoni hukuhisi chochote. Ulikuwa unakula akiba. Ina kazi nyingi, lakini mbili ndizo zilizokupata wewe: kusaidia kutengeneza damu, na kutunza ngozi inayofunika neva, zile nyuzi zinazopeleka habari kutoka vidoleni hadi kichwani. Akiba ilipokwisha, damu ilipungua, na nyuzi zikaanza kubaki uchi. Akaniuliza kama ulikuwa umepewa dawa yoyote ya damu. Nikamwonyesha shajara, safu mbili.

Aliisoma yote. Akasema foliki inaweza kurudisha damu hata kama ile B kumi na mbili haipo, ila haiwezi kufunika neva. Kwa hiyo viganja vikapata rangi, na kila aliyekutazama akadhani umepona.

"Basi ni mimi niliyeuficha ugonjwa," nikasema.

"Bila tembe hizo, labda tungeuona mapema," akasema. "Labda pia damu ingemwishia, asifike kwa daktari kabisa. Siwezi kukuambia."

Maneno hayo mawili ya "labda" nimeishi nayo tangu siku ile. Siku moja ninaamini moja, kesho ninaamini jingine. Nikijilaumu, ninakukasirikia wewe pia: kwa nini hukuniambia? Nami nikikukasirikia ninakumbuka ulikuwa unafunga kwa ajili ya nani. Ulikuwa unanitafutia mtoto kwa kutokula, nami nilikuwa nikikutibu kwa tembe za mtoto huyo huyo. Nimejaribu kuchora mstari nione wapi lilianzia kosa, na mstari hauchoreki.

Walikudunga sindano, ile dawa nyekundu kama juisi, kwanza mara nyingi kwa wiki, halafu mara moja kwa mwezi. Ulimi ulipona upesi. Uliacha kuniita Syombua. Miguu haikurudi sawasawa, na daktari alisema neva zilizokaa uchi muda mrefu huenda zisirudi. Ulitembea na fimbo hadi baridi ya Julai ya mwaka wa pili, ugonjwa wa mapafu ulipokuchukua. Walisema hauhusiani. Nimeandika "hauhusiani" na nimeipigia mstari, lakini mtu aliyelala sana kwa sababu ya miguu, kifua chake kinakuwaje? Sijui, Mwaitu. Ninauliza tu.

Leo asubuhi nimefika kwenye ukurasa wa Jumapili moja, wiki ya tano ya sindano. Ulikuwa umekaa nje kwangu na Kioko mapajani, baada ya kanisa. Nilikuwa nimembeba tangu alfajiri na sikuona kitu. Ukaniita.

"Mutheu, huyu mtoto ana joto."

Nilisema ni jua.

"Si jua. Jua liko juu yangu pia. Hii ni yake."

Nilimpeleka zahanati, wakampima, na kweli alikuwa na homa, malaria changa kabisa, bado haijamlegeza. Tulirudi mchana na dawa. Ulikuwa umekaa palepale, viganja vimegeuzwa juu. Hukuuliza walisema nini. Ulisema nikuletee maziwa, wewe ambaye hata baada ya sindano ulikuwa umebaki na turungi.

Nilikuletea kikombe. Uliyanywa yote bila kupumua, ukafuta mdomo, ukaniambia yamechacha kidogo na kwamba mjini mnauziwa chochote. Machozi yalikuwa yanakutoka. Nimeandika homa ya Kioko, saa tuliyorudi, na kikombe kimoja cha maziwa. Kuhusu machozi sikuandika, kwa sababu sikujua ni ya nini, na nilikuwa na zoea la kutoandika nisichokijua. Ningekuuliza. Ulikuwa umbali wa mkono mmoja. Badala yake nikaenda kuosha kikombe.

Kaa kwa amani huko, Mwaitu. Mimi hapa bado ninajumlisha, na haijumlishiki.

Binti yako,
mama wa Kioko