Gurudumu Ulilomtumia Baba

Warracknabeal,
Mei 14

Kaka Ross,

Pokea salamu za dadako. Natumaini wewe na Janine hamjambo, na kile kikohozi chako kimepoa. Sisi tu wazima, ila mimi hasira zimenifika hapa kooni, na hasira zenyewe ni juu yako.

Unaijua injini ndogo ya Baba, ile ya hewa moto aliyoiunda kwa makopo ya dagaa, inayoendeshwa na mshumaa. Miaka miwili ameihangaikia, macho yakififia, akifanya kazi kwa kupapasa. Likabaki gurudumu la kuifanya izunguke bila kukwama. Akakupigia simu wewe. Nawe, bila hata kuuliza injini ina ukubwa gani, ukamwambia uzito ndio mpango mzima, ukamtumia kwa posta gurudumu la chuma kizito! Mshumaa, Ross! Mshumaa usukume chuma?

Nev, mwenzake wa karakana ya wastaafu, alimwambia wazi, wakati wa chai ya saa nne, kwamba injini ya namna ile inataka gurudumu jepesi, lisiloelemea upande. Baba akamjibu kuwa mwanawe anatengeneza matrekta, je, yeye Nev ametengeneza nini zaidi ya vizimba vya kasuku? Wazee wakaangua kicheko. Likafungwa lako.

Kwenye maonyesho ya Pasaka halikuzunguka hata nusu. Bwana mmoja akauliza kama ni kitu cha kukandamizia karatasi zisipeperuke. Baba akaifunika injini kwa kitambaa, na karakana hakukanyaga tena. Akawa anashinda kitini, hata nyama ya kondoo ya Jumapili haigusi. Nilikupigia mara nne. Hukupokea, mtu mkubwa wewe!

Sasa nikuungamie. Jumanne iliyopita, Baba akiwa bafuni, niling'oa chuma chako. Mahali pake nikafunga kifuniko cha kopo la biskuti, ambacho Nev alikuwa amenitobolea na kunisawazishia. Nikawasha mshumaa, nikakisukuma kidogo. Tik-tik-tik! Baba akatoka na povu la sabuni masikioni, anacheka huku analia, akipiga kelele kwamba si alisema, Ross anajua!

Machozi ya hasira yakanitoka. Akanyoosha kidole, akalisimamisha gurudumu, akapapasa ukingo wake. Bati tupu, Ross. Kidole kikakaa palepale kwa muda. Kisha akalisukuma lizunguke tena, akasema, safari hii polepole, kuwa Ross anajua kuchagua, na nikuandikie hivyohivyo.

Basi nimekuandikia. Chuma chako kinazuia mlango wa banda la kuku. Njoo uisikie injini, maadamu Baba angali yupo wa kukuwashia. Akikushukuru, pokea shukrani, ufunge mdomo. Usithubutu kumwambia ukweli. Anaujua.

Nisalimie Janine, na mbwa pia.

Mimi dadako, bado nimekununia,
Glenys