Mguu wa Kushoto wa Mama

Jumanne. Manyunyu tangu asubuhi.

Naandikia wodini, pembeni ya kitanda cha Mama. Amelala. Mimi naogopa hata kwenda kunywa maji.

Saa nne asubuhi nilipita dukani kwake Kariakoo, anakouza vitenge vya jumla. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba, ngozi inang'aa. Nikaugusa. Wa moto. Wa kulia ulikuwa kawaida kabisa.

Mama Swalehe wa duka la jirani alikuwa amepiga magoti na chupa ya mafuta, tayari kuuchua.

"Usiuguse!" nilimpigia kelele. Mtu mzima, ambaye kila siku namwamkia shikamoo.

Akarudisha mikono haraka. "Kuna nini, mwanangu?"

"Huenda damu imeganda ndani. Ukiuchua, bonge linaweza kung'oka likaenda kwenye mapafu."

Na likifika huko, mtu anaweza kufa hapo hapo. Hilo sikulisema.

Nalijua kwa sababu ndicho ninachosomea. Nasoma shahada ya uzamili, na maabarani nashughulika na protini moja ambayo seli huitoa nje, kwenye damu, mshipa unapoumia. Protini nyingi zilizoko huko nje zimeshikiliwa na vifungo vya salfa. Hii moja hufungua kifungo hapa, ikafunga kingine pale. Hakuna kipya kilichotengenezwa, lakini protini iliyokuwa imetulia inabadilika umbo, inaamka, na damu inaanza kuganda. Ukijikata kisu, hilo linakuokoa. Likitokea ndani ya mshipa ambao haujakatika, linaweza kukuua.

Nimeyaeleza haya kwenye semina bila kusita. Leo, ndani ya bajaji tukienda hospitali, Mama alikohoa mara moja tu, nusura nijikojolee.

Hospitali, daktari alipitisha kipimo cha ultrasaundi pajani. Bonge lipo. Mama akachomwa sindano ya kuzuia damu isizidi kuganda.

"Mmewahi," daktari alisema.

Hatukuwahi.

Jumamosi Mama alinipigia simu kwamba mguu unamuuma. Nilikuwa maabara, nahangaika na sampuli za protini hiyo hiyo. Nikamjibu, "Ni kukaa sana, Mama. Weka miguu juu ya stuli." Nikakata simu.

Sijamwambia mtu yeyote.

Jioni hii alifumbua macho. "Haya ndiyo unayosomea chuoni?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi Jumamosi simu ilikuwa haisikiki vizuri," alisema, akageukia ukutani, akalala.

Daktari amesema siku hizi za mwanzo ndizo za kuangaliwa sana, kwa hiyo nimekaa natazama shuka lake likipanda na kushuka. Likichelewa kidogo, nainama nisikilize pumzi yake.

Simu ilisikika vizuri kabisa. Akiamka tu, namwambia.