Munich hadi Madrid, Masaa Mawili na Nusu

Alhamisi, 17 Julai 2025. Riyadh

Baba – ndivyo tunavyomwita bosi – amekubali! Mwenyewe kapiga simu toka Munich, wanakokula baridi na madam na watoto. Wiki mbili nyumbani – mimi! Mama amekataa katakata kupasuliwa jicho mpaka kifungua mimba wake awe mlangoni. Daktari kampa Jumanne. Akiikosa, foleni ni hadi Desemba, na jicho halitangoja. Kichwa ngumu huyu mama.

Sharti: kwanza nifikishe gari Jeddah, maana watashukia huko wakitoka Ulaya. Viza yangu ya kwenda na kurudi, ambayo bila hiyo sitoki nchini, ataitoa yeye kwa kubonyeza simu yake. Inshallah, akasema. Hiyo inshallah yake naijua.

Ijumaa, 18 Julai. Jeddah

Kilomita mia tisa na hamsini. Masaa kumi na moja, makalio yamekufa ganzi. Viza – mafi, hakuna.

Jumamosi, 19 Julai

Nimemwandikia baba mara nne. Kimya. Magdaline, yaya wetu aliyesafiri nao, kanitumia sauti: kesho wanaruka Munich kwenda Madrid, saa saba na nusu mchana kwa saa za huku.

Nikapiga hesabu za kidereva. Kilomita elfu moja mia tano kasoro. Kwa gari, kutwa nzima. Kwa ndege, masaa mawili na nusu, simu yake imezimwa. Atatua saa kumi. Ndege yangu inaondoka saa tisa na nusu! Asipobonyeza kabla ya kupanda, halas, imekwisha.

Nimemwomba Magdaline amkumbushe, hata kama ni mlangoni pa ndege. Kasema nisimtie matatani. Halafu kasema atajaribu. Mungu ambariki.

Jumapili, 20 Julai. Uwanja wa ndege, Jeddah

Saa saba na dakika kumi na saba – IMETOKA! Ujumbe wa viza umeingia, nikakaa sakafuni mbele za watu. Asante Mungu! Magdaline anasema baba alibonyeza akiwa kwenye foleni, miwani imo begini, madam anamhimiza yalla, yalla. Nimempigia mama. Kasema sawa, basi Jumanne ataoga mapema.

Saa nane na robo. Makubwa! Mwanamke wa kaunta kaangalia kompyuta, kaniuliza kama najua kwamba sirudi. Vipi sirudi? Hii si ya kwenda na kurudi, ni ya kuondoka kabisa. Baba kabonyeza mahali pengine! Inafutika kabla sijatoka, lakini ni yeye tu wa kuifuta. Naye yuko mawinguni hadi saa kumi.

Nusu ya nguo zangu ziko Riyadh. Sikumuaga mtu. Miaka sita ya kazi, kidole kimoja!

Nilidhani nitalia. Badala yake – hata sijui niandikeje – mabega yameshuka. Kama mtu aliyetuliwa gunia. Nafuu tupu! Miaka sita nimetaka kumwambia baba inatosha, ulimi ukawa mzito kila mara.

Mwanamke wa kaunta anauliza tena: unaenda au unamsubiri mwenye kazi? Watu nyuma yangu wanaguna. Nimeomba dakika mbili nimwandikie baba, kumbe naandika humu shajarani. Begi nimeshaliweka kwenye mizani.