Nilimsingizia marehemu baba mkwe ubovu wa msingi

Shangazi Evodia, shikamoo. Nakuomba unisaidie, na naandika nikiona aibu mpaka kalamu imekuwa nzito, majina yote humu nimeyabadilisha kwa sababu hapa Mkonze mafundi tunajuana na mke wangu ni msomaji wako. Mimi ni fundi mwashi, mwaka wa kumi na nne huu, nimejenga majumba ya watu kule mji wa serikali, na wakwe zangu wananiheshimu kwa hilo, wakiwa na shughuli wananiweka mbele na kuwaambia wageni huyu ndiye mkwe wetu fundi. Ndiyo maana jambo hili linaniua.

Mama mkwe wangu, nimwite Mama Paulina, ni mjane, anaishi kwenye nyumba aliyoijenga marehemu mume wake, Mzee Damas, kwa mikono yake mwenyewe, matofali mabichi juu ya msingi wa mawe yaliyoshikwa kwa udongo, na mama ndiye aliyeteka maji na kuukanyaga udongo ule akiwa na mimba ya mke wangu Lydia, kwa hiyo nyumba hiyo na Lydia ni rika moja, miaka thelathini na tisa, na siku zote hizo ukuta haukuwahi kuchanika. Miaka mitatu iliyopita magoti ya mama yalianza kumsumbua, nikamjengea bafu nyuma ya chumba chake ili asihangaike kwenda uani, watu wakanisifu, mama akanibariki kabisa, ila Shangazi, shimo la maji machafu nililichimba hatua mbili tu kutoka ukutani, kwa sababu mbele kidogo nilikuta mwamba na nilikuwa na haraka ya kurudi saiti, nikasema moyoni, kwani bibi mmoja anaoga maji kiasi gani.

Mwaka huu mwezi wa pili, mvua ilipokolea, kona ya chumba ikatitia na ukuta ukapasuka kutoka msingi hadi dirishani. Jumapili baada ya ibada ukoo ulikusanyika pale nje, shemeji yangu Joel akaniuliza, "Shemeji, wewe ndiye mtaalamu, tatizo ni nini?" na mimi nilikuwa nimeshaona majani mabichi yameota kati ya shimo langu na ukuta, nilijua, Shangazi, nilijua kabla hajamaliza kuuliza, lakini macho yote yalikuwa kwangu, nikagonga msingi kwa nyundo nikasema, "Mzee aliunganisha mawe kwa udongo mtupu, hakutia hata saruji. Huu haukuwa msingi." Watu wakaguna. Mama Paulina akaniambia, "Baba Noeli, utusamehe. Baba yenu hakuwa fundi, alijitahidi tu." Yaani yeye akaniomba mimi msamaha!

Wakanipa kazi ya kuurekebisha. Kwa heshima yetu mkwe hakanyagi chumba anacholala mama mkwe, kwa hiyo nikashughulika na nje tu, nikaziba ufa, nikapiga plasta ya saruji kutoka chini hadi dirishani, nikapaka rangi, ukapendeza. Mama akiwa mlangoni akasema, "Na ndani nako pamepasuka," nikamjibu hiyo ni plasta tu imechanika mama, usiogope. Sikuomba kitanda kitolewe, wala sikumtuma Joel aingie aniangalizie. Mila ilinipa pa kujifichia nami nikajificha. Na shimo nililiacha palepale, maana kulihamisha kungekuwa ni kukiri.

Sasa wiki iliyopita Lydia alikwenda kumfanyia mama usafi, akarudi akaniambia, "Baba Noeli, ule ufa wa ndani kiganja changu kinaingia, na kitanda cha mama kiko chini yake." Kesho yake walipokwenda kliniki nikachimba kidogo pale kona. Shangazi, mawe ya mzee yamepangwa yakashikana, upande mkavu nilitia mtaimbo hata moja halikucheza. Upande wa shimo langu udongo umekuwa uji, mawe yanaelea. Nikafukia, nikaondoka kama mwizi. Mawingu yameanza kujikusanya huku. Je, naweza kuchimba kwa nje, kimyakimya, nikaurudishia msingi bila kusema lolote? Maana nikisema, wakwe zangu nitawatazama kwa macho gani?

Ni mimi fundi, Mkonze.

Shangazi Evodia anajibu

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nikatafuta fimbo. Nimewaomba wahariri waivushe foleni, na utaona kwa nini.

Umeniandikia kurasa tatu za aibu yako, na habari ya kitanda cha mama umeipa sentensi moja. Ebo! Huyo mama leo analala wapi? Kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu, mpigie Joel. Kitanda kitoke, kiende chumba kilicho mbali na kona ile, au mama ahamie kwako. Mlango ufungwe kwa kufuli, asije akarudi kuchukua kanga. Tena usimwambie ni tahadhari tu. Mwambie ukuta unaweza kuanguka.

Na mila uiache, usiitwishe mzigo wako. Wazee waliomkataza mkwe kuingia chumbani walikuwa wanalinda heshima ya mama. Kitanda kikishatoka, mle ndani ni saiti kama saiti nyingine, Joel anatangulia na wewe unafuata. Hilo ulilijua tangu mwezi wa pili.

Kuhusu swali lako la kuchimba kimyakimya, jibu ni hapana, na si mimi peke yangu ninayekukatalia. Nimempelekea barua yako Mzee Athuman, fundi aliyejenga misingi tangu wewe hujazaliwa. Aliposikia plasta ya saruji juu ya ukuta wa udongo uliolowa, akashika kichwa. "Ameyafungia maji ndani huyu," akasema. Anakwambia hivi: bafu lifungwe leo, asioge mtu humo. Shimo livutwe maji, lifukiwe na kushindiliwa, na jipya lichimbwe mbali, upande wa bondeni, hata kama ni kuvunja mwamba kwa wiki nzima. Paa liegemezwe kwa mirunda kabla hujagusa jiwe. Ile plasta yako nzuri ibanduliwe yote, ukuta upumue. Halafu, na hapa alininyooshea kidole kama vile mimi ndiye wewe, usifukue ukuta wote kwa mpigo. Fukua hatua moja, jenga kwa mawe na saruji hadi ushike ukuta wa juu, acha siku kadhaa ikauke, kisha ruka hatua, fukua nyingine. Ukifukua pote utaulaza. Na kwa kuwa msingi umeshaelea, mhandisi wa halmashauri aje aone kabla hujaanza. Akisema ukuta ule ushushwe, ushushwe. Kazi hiyo haifanyiki watu wakiwa kliniki, mwanangu. Kila mtu ataona, kila mtu atauliza.

Sasa tuje kwenye neno lako. Bafu ulilijenga kwa mapenzi, na shimo likawa kosa la haraka, hakuna fundi asiyekuwa na kosa la namna hiyo mahali fulani. Kwa hilo pole sana. Lakini pale mbele ya ukoo ulikuwa na akili zako timamu, umeyaona majani, ukamchagua marehemu kwa sababu hawezi kukujibu. Loh! Mjane wa watu amekaa miezi tisa akiamini kuwa mume wake aliwalaza yeye na watoto kwenye nyumba mbovu, na kwamba udongo aliokanyaga na mimba yake ulikuwa kazi bure. Akakuomba msamaha, nawe ukaupokea. Methali ya ufa na ukuta sikutajii, wewe ndiye fundi. Nakutajia nyingine: mficha uchi hazai.

Lydia mwambie leo hii, asije akasikia hadharani pamoja na majirani. Jumapili, baada ya ibada, simama palepale nje, mbele ya watu walewale. Usitume mshenga, wala usianze na historia ndefu ya mwamba na haraka za saiti. Sema, "Mama, baba alijenga vizuri. Maji ya shimo langu ndiyo yaliyoula msingi, na nilijua siku ile niliposema vingine." Kisha nyamaza. Joel atafoka, mwache afoke. Wakikuita fundi uchwara, itika. Watakutazama vibaya, ndiyo, tena si siku moja. Utawatazama kwa macho hayohayo uliyo nayo, huna mengine.

Na siku utakapoufukua upande ule mkavu, kabla hujafunika, mwite Mama Paulina. Mwekee kiti, asisimame na magoti yale. Mwonyeshe mawe ya mume wake yalivyoshikana, mpe mtaimbo ajaribu mwenyewe akitaka. Akilia usimbembeleze, si wewe wa kumfuta machozi siku hiyo. Chukua koleo lako, sogea pembeni, umwache na mume wake.